Mzee wa Ukurasa wa Saba

Nilikuwa karani wa masjala katika kituo cha utafiti cha chuo kikuu kimoja, mjini Karatu, kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya magereji ya barabara ya Ngorongoro. Kituo kilikuwa na vyumba vinne, kompyuta mbili, gari moja na Daktari mmoja. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Alikuwa mtaalamu wa udongo, na kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kuuona udongo kwenye viatu vyake.

Katikati ya miaka ya elfu mbili chuo kilitoa agizo. Kila chapisho la kila mwalimu lisajiliwe: mwandishi, mwaka, mahali utafiti ulipofanyika, muhtasari. Kisha nakala iwekwe kwenye hifadhi ya wazi mtandaoni, mtu yeyote aisome bure. Dereva wetu aliposikia neno hifadhi aliniuliza kama nayo ina geti na askari. Nikamwambia hii haina geti. Akasema basi wakubwa hawataipenda.

Daktari alinipa orodha ya machapisho yake, kurasa mbili zimejaa. Nilipoanza kudai nakala, orodha ikaanza kukonda. Makala tatu zilikuwa makala moja iliyobadilishwa kichwa. Nyingine ilikuwa "inakaribia kutoka" tangu kabla sijaajiriwa. Zilizobaki zilikuwa chache, na kati ya hizo aliyojivunia ilihusu wakulima wa Qurus. Hiyo ndiyo aliyoitegemea impatie uprofesa.

Mimi ni mzaliwa wa Qurus. Niliisoma kwa hamu, kama mtu anayetafuta sura yake kwenye picha ya harusi.

Kwenye ukurasa wa saba palikuwa na mzee. Mzee wa Qurus, miaka themanini na minne, aliyehojiwa nyumbani kwake kwa siku kadhaa. Alieleza jinsi baba yake alivyochimba mfereji kutoka mlimani kumwagilia migomba, na jinsi ukoo ulivyomaliza kazi kwa kunywa mbege. Kwetu tunalima mahindi, maharage na mbaazi, na tunaitazama mvua. Hiyo pombe ya ndizi mimi niliionja mara ya kwanza ukubwani, kwenye harusi Moshi.

Maneno yale niliyajua. Dereva wetu ni mtu wa Rombo, na ndivyo alivyozoea kusimulia habari za babu yake akiwa amekaa kibarazani akisubiri safari. Nikamfuata.

"Siku zile za utafiti Daktari alishinda hotelini hapa hapa mjini," alisema. "Alikuwa ananiita mezani, ananiagizia nyama, ananiuliza wazee wa zamani walitunzaje ardhi. Nikamweleza ya kwetu. Sikujua anaandika ya kwenu."

"Qurus mlifika?"

"Tulipita. Alipiga picha bila kushuka."

Nikaenda ofisini kwa Daktari na fomu mkononi.

"Daktari, fomu inataka mahali. Huyu mzee wa ukurasa wa saba ni wa kitongoji gani?"

"Andika Qurus."

"Qurus hakuna migomba ya namna hiyo, wala mifereji."

Akavua miwani. "Dada, elimu yako imefika wapi?"

"Kidato cha nne, na cheti cha masjala."

"Basi kazi yako ni kusajili. Kusoma tuachie sisi."

Nikasajili. Hapo sina la kupamba. Niliandika Qurus, nikapitisha kurasa kwenye skana moja baada ya moja, na ule wa saba nikauhakikisha umenyooka. Chini ya fomu nikaweka sahihi yangu.

Mwalimu mmoja wa sekondari ya kwetu aliikuta makala hiyo kwenye duka la intaneti mjini Karatu. Akaichapa, akaipeleka kijijini, akawa anawatafsiria watu kidogo kidogo. Ilisomwa kilabuni, ikasomwa hata nje ya kanisa baada ya ibada. Mimi sikuambiwa kitu.

Muda si mrefu Daktari akaitisha mkutano wa mrejesho kwenye ofisi ya kata, maana chuo kilidai wenyeji wapelekewe matokeo. Nilikwenda naye kuandika mahudhurio. Sijawahi kuona watu wa Qurus wakijaa vile kwa habari ya udongo. Alizungumza kwa saa nzima, nusu kwa Kiingereza. Alipomaliza, akasimama mama mmoja mzee, jirani wa nyumbani kwetu.

"Mwanangu, tunakushukuru. Tuna ombi dogo. Huyu mzee uliyeongea naye siku nyingi, tungependa tumwone."

Daktari hakusita. "Kwa bahati mbaya amefariki, mama."

"Pole sana. Lini?"

"Mwaka jana."

"Na tulimzika wapi?"

Daktari akaanza kukusanya karatasi zake. Mama yule aliendelea kwa upole uleule. "Hapa kila anayekufa tunamlilia. Kama mzee mzima ametuponyoka bila kuzikwa na majirani, hilo ni kosa letu. Tuonyeshe kaburi, tukatubu."

Hakuna aliyecheka. Daktari akasema maadili ya utafiti hayaruhusu kuwataja watu.

"Jina lake hatulitaki," mama akajibu. "Tuonyeshe tu shamba lake. Tuchukue miche ya migomba."

Hapo ndipo walipocheka, na walicheka mpaka mwenyekiti akafunga mkutano bila sala.

Tukiwa garini Daktari alisema, "Watu hawa hawaelewi sayansi." Dereva aliangalia barabara. Mimi nilikuwa nimeshika daftari la mahudhurio, na nilimdharau mtu yule kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote.

Nikaandika barua makao makuu makala iondolewe. Wakanijibu kwamba kilichokwisha kusajiliwa hakitolewi, ila mwandishi mwenyewe anaweza kuambatisha masahihisho. Mwandishi hakuambatisha chochote. Kabla ya mwaka kwisha alipata uprofesa, akahamishiwa chuoni, tukamkatia keki. Kamati, nadhani, ilihesabu machapisho kama mtu anavyohesabu magunia, bila kufungua hata moja.

Nilipokwenda nyumbani, baba alikuwa anapukuchua mahindi uani. Alikuwa amekwisha kuisikia habari yote.

"Huyo msomi tumemwelewa," alisema. "Mtu akitaka cheo atasema lolote. Ila mwalimu anasema kuna aliyeipokea ile karatasi, akaiandikisha, akaiweka dunia nzima iisome. Huyo ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Na ulikuwa umeisoma?"

"Nilikuwa nimeisoma."

Hakunigombeza. Alichukua hindi jingine, akaendelea kupukuchua. Nilisimama pale mpaka mama aliponiita ndani nikale.