Moja Nukta Moja Sifuri

Nilifundisha kemia miaka kumi na minane huko Tabora, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona betri ya zinki na shaba ikifanya kazi. Maabara yetu ilikuwa na sinki lisilo na maji na kabati lenye kufuli. Kwa hiyo nilichora jaribio ubaoni, mabika mawili na waya, kisha nikawasomea wanafunzi majibu wayaandike: volti moja nukta moja sifuri. Wenyewe tuliita kupika majibu. Wala hatukuona haya, mtihani ulikuwa unakuja na chumvi za maabara hazikuwepo.

Sasa naogesha wazee huko Silver Spring, Marekani, na binti yangu yuko sekondari. Majira yale ya baridi alikuwa anaomba nafasi ya kufanya kazi kwenye maabara ya chuo wakati wa likizo. Kilichobaki ni barua ya mwalimu wake wa kemia. Nyumba nzima tuliiongelea hiyo barua kama watu wanavyoongelea viza.

Jumapili moja alikwenda mazoezi ya kwaya, akaacha daftari lake la maabara mezani. Mimi kwa kiherehere changu nikalifungua. Jaribio lilikuwa lile lile langu la Tabora! Alikuwa amepima mara tano, na namba ameziandika kwa penseli: 1.10, 1.07, 1.04, 1.05, 1.03. Pembeni kuna maelezo ya Kiingereza yaliyobanana, sikuyasoma. Macho yangu yaliona namba nne zilizokosewa.

Nilisikia uchungu, nikijua wapo watakaosema mtoto wa Kiafrika hata kusoma mshale wa voltimita hawezi. Nikachukua ufutio. Nikazifuta zote nne, nikaandika 1.10 mara nne, kwa mwandiko wa kufanana na wake. Nilijiona baba wa maana kweli. Asubuhi yake akalibeba daftari mbio mbio akalikabidhi bila kulifungua.

Alhamisi tukaitwa shuleni. Mama yake alikuwa zamu, nikaenda mimi. Mwalimu wake wa kemia alikuwa mama wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Akaweka daftari katikati yetu, akaeleza taratibu, akidhani sijui kemia. Jaribio zima, alisema, lilikuwa la kuonyesha kwamba volti hubadilika. Ukiuzimua mrututu, ile dawa ya buluu upande wa shaba, kwa kuongeza maji mara kumi, volti inashuka kidogo. Ukizimua mara mia, inashuka zaidi. Kisha dawa ile iliyozimuliwa ukiiweka kwenye barafu inatoa namba moja, kwenye maji ya moto nyingine. Haiwezekani zote tano zilingane.

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Kanuni yenyewe niliisoma chuoni, ina joto ndani yake na ina uzito wa dawa, na niliipasi vizuri. Ile 1.10 ni ya dawa zenye uzito sawa, kwenye joto la kawaida la chumbani. Binti yangu alipima sawasawa, hadi sehemu ya mia ya volti, na mimi nikamfutia ukweli wake kwa ufutio wa shilingi mbili.

Mwalimu akamgeukia binti yangu, aliyekaa kando yangu. "Hizi namba ulizibadilisha?"

Binti yangu alilitazama daftari, akanitazama mimi. Hakukasirika. Alisubiri. Nami nilifungua mdomo, naapa niliufungua. Kiingereza ninacho, nimekifundishia. Lakini niliona neno "mwalimu" likinivuka kama nguo mbele ya mwalimu mwenzangu, nikaufumba.

"Ndiyo," akasema yeye. "Nilizibadilisha."

Mwalimu akafumba daftari. Akasema anasikitika, barua hataweza kuiandika. Nikamshukuru. Hilo tu ndilo nililoweza kusema mle ndani, asante, na nilisema mara mbili.

Tulitembea hadi kituo cha treni. Kwenye ngazi nikajikaza kuanza, "Mwanangu, mimi..." Akanishika mkono wa koti, kama anavyoshikwa mzee asianguke.

"Baba, mama tumwambie nilikosea kupima," alisema. "Wewe usiseme kitu."

Sikusema.