Inchi za Kiuno cha Mwalimu

Mama Pindo, fundi wa cherehani, ana kifua: siri ukimpa imefika mwisho. Wateja wake humtumia vipimo kwa simu, naye hushona bila kumwambia mtu nani kanenepa. Hata mumewe huuliza akachoka.

Basi alipoitwa kwenye ofisi ya usalama ya serikali, akakuta mezani ujumbe wake wa simu wa miaka miwili umechapwa wote, hadi ule wa kugombana na dada yake, alikaa kabla ya kukaribishwa.

"Mama, kwa hizi namba mnapanga nini?" ofisa akauliza kwa upole. "Thelathini na nane, thelathini na moja, arobaini na mbili."

"Kifua, kiuno, nyonga. Vipimo vya gauni hivyo, mwanangu."

"Na huyu? Thelathini na moja, thelathini na tatu, sasa thelathini na sita. Nani anabadilika hivyo kila mwezi? Hiyo ni lugha ya siri."

Namba zile zilikuwa za Mwalimu, mjane wa mtaa wa pili. Mimba yake waliijua wao wawili tu, maana wakwe wakisikia watamnyang'anya watoto na nyumba. Mama Pindo akinyamaza, atalala ndani.

"Ana mimba," akasema.

Ofisa akacheka hadi akafuta machozi, akaomba radhi, akamwagizia chai. Watu wazima na akili zao, aliwaza Mama Pindo, miaka miwili wanachungulia viuno vya wanawake, na haya hawana. Kisha ofisa akavuta jalada na kuandika jina kamili la Mwalimu, na pembeni yake: mjamzito.

"Sasa hilo unaliandika la nini, baba?"

"Utaratibu tu, mama. Kunywa chai."

Hakuinywa. Alipofika nje simu ikatetemeka. Mwalimu alikuwa ameandika: "Shoga, thelathini na saba sasa. Niachie nafasi kidogo. Sijui ningefanyaje bila wewe."

Mama Pindo akaanza kuandika onyo, akakumbuka nani atalisoma kwanza, akalifuta. Akaitumbukiza simu mkobani na kushika njia ya kwa Mwalimu kwa miguu, kwenda kumwambia kwamba aliyemtaja ofisini ni yeye mwenyewe.