Kila Mtu na Chombo Chake

Fsssss. Mlio huo bado ninao masikioni: upepo ukitoka kwenye tairi la nyuma la kamio, lori letu la mizigo, polepole, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Shoferi wetu alikuwa amechuchumaa kwenye tope, mwiba wa mchikichi mkononi, anabonyeza kidude kidogo kilicho ndani ya valvu, na sisi tumemzunguka kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Nilikuwa sijajua kwamba gari likizama hupunguzwa upepo, ili tairi lilale na kushika ardhi. Mimi nilidhani ameamua kuliua.

Lakini ngoja nianzie Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, maana safari zetu zote zilianzia huko.

Miaka ile ya vita nilikuwa nakaa kwa shangazi, dada yake baba, nyuma ya soko. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la tano. Kazi niliyoiweza kuliko zote ilikuwa kuota ndoto mchana. Nikisimama kwenye moto kukoroga mawese, naota kamio yangu mwenyewe, ya rangi ya bluu, yenye pazia dirishani na redio inayoimba, mimi nikiwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja kama wanaume. Shangazi akiniona nimeganda na mwiko hewani alikuwa anauliza, "Leo umefika wapi?"

"Nimefika Nyanza-Lac, shangazi."

"Basi geuza, mafuta yanaungua."

Shangazi alikuwa mjane. Marehemu mumewe, aliyekufa kwa ugonjwa kabla ya vita, alimwachia shamba la michikichi juu ya Kigwena, mlimani, ambako watu wengi walikuwa wamekimbia. Yeye naye alikimbia na sufuria moja. Kwa misimu kadhaa matunda yalianguka yenyewe na kuliwa na ndege. Sasa shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa anataka shamba liuzwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukata tamaa mapema, basi. Kila akija kunywa chai alisema, "Shemeji, shamba ambalo gari haifiki ni pori. Tuuze tupate kitu." Shangazi alimjibu siku moja, bila kuinua macho kwenye bakuli la mchele, "Gari ikifika na kurudi imejaa, utaniacha na michikichi yangu?" Shemeji akacheka, akasema ndiyo, na akasema atakuja mwenyewe kuona kwa macho yake.

Hivyo ndivyo tulivyopanga safari ile.

Shoferi tuliyempata alikuwa yule aliyezoea kutupeleka masoko ya vijijini, mzee mmoja mwenye asili ya Uvira, ng'ambo ya ziwa, mtu wa utani mwingi na meno machache. Kamio haikuwa yake, ilikuwa ya tajiri mmoja wa mjini, na tajiri alikuwa amemwambia wazi: ukiniharibia tairi, huko mlimani husogei tena. Zamani mzee huyu alikuwa na sanduku zuri la vyuma, limejaa spana na nyundo, lakini kwenye bariyeri moja, kizuizi cha askari njiani, lilichukuliwa, akaambiwa vyuma vingi hivyo ni vya kupelekea watu wa msituni. Tangu siku hiyo alikuwa ametafuta njia yake. Vyombo vya gari alivigawa kwa abiria. Aliyepanda kamio yake alipewa chombo, na kila chombo kilikwenda mahali ambapo hakuna mtu angekishangaa.

Shangazi alibeba jembe na panga, kwa kuwa mkulima anayekwenda shambani bila jembe ndiye wa kutiliwa shaka. Kriki, kile chuma cha kuinulia gari, ililala ndani ya sufuria yake kubwa ya kuchemshia chikichi. Rafiki yake, mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, ambaye alisafiri nasi mara nyingi, alifungia mzigo wake kwa kamba ndefu ya kuvutia gari, na chini ya kikapu cha samaki alificha pompi ya mguu ya kujazia matairi upepo. Spana za magurudumu zilikaa chini ya kiti cha shoferi mwenyewe. Mimi nilipewa ubao mnene mweusi, mzito kama kosa la mtu mwingine, pamoja na kipande cha sabuni.

"Sabuni ni ya kunawa?" nilimwuliza.

"Ni ya tangi. Tangi ikitoboka unasiliba sabuni, mafuta yanakaa. Wewe ukinawia, tutasukuma gari mpaka Bujumbura."

"Na ubao?"

"Ubao ni wa kukalia. Kalia."

Kabla ya kuacha kaburimbo, njia ya lami, kuingia njia ya udongo alikuwa na desturi ya kusimamisha gari na kupaza sauti, "Kila mutu na chombo chake!" Nasi tulijibu mmoja mmoja kama watoto wa shule: jembe iko, panga iko, kriki iko, kamba iko, pompi iko. Nilipenda sana zamu yangu. "Ubao iko, na sabuni iko!" Nilihisi kwamba na mimi nina cheo.

Siku hiyo hatukuita.

Sababu ilikuwa shemeji. Alikaa mbele, kati ya shoferi na dirisha, hana chombo chochote. Shoferi alipomwuliza atabeba nini, alisema, "Mimi nabeba macho." Na kutoka Rumonge mpaka Kigwena macho yake hayakunyamaza. Aliona shimo, akasema hapa hatupiti. Aliona wingu, akasema mvua hiyo. Aliona askari barabarani wanaotupungia mkono tupite, akasema wale wanatuaga. Shoferi alijaa maneno mpaka shingoni. Kwenye njia panda mama wa ndagala alimwomba amshushe, ana mpwa wake mgonjwa pale jirani, tutamchukua tukirudi. Tukamshushia kikapu chake, akatuaga, "Amahoro, mwende salama." Shoferi akakata kona kwa hasira na kuanza kupanda mlima, bila kusimama, bila kuita.

Shamba tulilikuta. Sitaki kusimulia nyumba za huko zilivyokuwa; zilikuwa kama nyumba zote za mlimani mwaka ule. Lakini michikichi ilikuwa imesimama safi, mikungu myekundu imejaa, mingine imeoza chini na inanukia kama pombe. Shangazi aliweka kiganja kwenye shina la mti wa kwanza akakaa hivyo kidogo, kisha akafunga kitenge vizuri kiunoni na kuanza kazi. Watu wachache waliokuwa wamerudi wakatusaidia kukata. Tulijaza kamio mpaka mbao za pembeni zikalia. Shemeji aliketi kivulini, lakini baadaye nilimwona anaokota chikichi moja moja zilizoanguka na kuzitupa juu ya mzigo, anajifanya anacheza.

Tulikuwa na haraka, kwa sababu bariyeri ya kuingilia mjini ilifungwa saa kumi. Ikifungwa, mtu analala alipo, na mzigo unalala, na huko kulala hakukuwa kulala.

Tulizama tukiwa tunashuka, kwenye bonde dogo ambalo asubuhi tulilipita gari likiwa tupu, bila hata kulitazama. Tairi la nyuma liliingia mpaka nusu.

"Si nilisema?" shemeji akasema. "Gari haifiki huku."

"Imefika," shangazi akamjibu. "Sasa inarudi."

Hapo ndipo nilipoona kwa nini nimekalia ubao ule. Kriki ikiwekwa juu ya tope inazama yenyewe badala ya kuinua gari. Inataka kitu kipana chini yake. Shangazi alichimba kwa jembe, mimi nikalala kifudifudi na kusukuma ubao wangu chini ya ekseli, shoferi akasimamisha kriki juu yake na kuanza kupampu. Ubao ulilia, ukakaa. Gari likapanda, shibri moja, nyingine. Shangazi akakata matawi ya mchikichi kwa panga, tukayajaza chini ya tairi, na shoferi akachukua mwiba wake akatoa upepo kwenye matairi ya nyuma, ule mlio niliousema. Kisha akawasha gari, sote tukasukuma, hata yule wa macho. Likatoka. Nilikuwa tope mpaka kwenye nyusi na nilikuwa nacheka.

"Lete pompi sasa," shoferi akasema, amenyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

Hakuna aliyeweka kitu mkononi mwake.

Tukatazamana. Mimi niliona kile kikapu cha ndagala kama vile kiko mbele yangu, kikiteremshwa njia panda asubuhi kwa mikono yangu mwenyewe, na nikakumbuka nilivyosema moyoni, samaki wa leo wazito.

"Hatukuita," shoferi akasema. Akaketi kwenye jiwe. "Miaka yote naita. Leo sikuita."

Akatueleza mambo yalivyo. Kwenye udongo, polepole, matairi laini yangetufikisha chini. Lakini kwenye kaburimbo, na mzigo ule, ringi za chuma zingeyakata kama kisu. Tairi likikatika, tajiri hatatoa tena gari kuja huku. Hakuhitaji kumalizia. Bila gari, shamba ni pori.

"Tupunguze mzigo," shemeji akasema. "Tumwage nusu, tuokoe gari."

"Nusu siyo kujaa," shangazi akasema.

"Shemeji, mimi nasema tu—"

"Nimekusikia. Panda."

Tuliteremka kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Mimi sikupanda, nilitembea mbele nikiondoa mawe njiani. Niliota kidogo, nakiri, niliota pompi yenye mabawa. Lakini zaidi nilikuwa natazama jua na kuomba mama wa ndagala awe hajaondoka na gari la mtu mwingine.

Tulipokaribia njia panda niliona watu wengi wamekusanyika. Nikasimama kwanza, miaka ile watu wengi mahali pamoja halikuwa jambo la kufurahisha. Nikasogea. Katikati yao mama wa ndagala alikuwa amepandisha kitenge magotini, mguu mmoja juu ya pompi, anakanyaga, anatokwa na jasho na anatukana kwa upole. Mbele yake kulikuwa na mstari wa baiskeli za wale vijana wanaoshusha madumu ya mawese kutoka milimani, na askari mmoja pia amesimama kwenye foleni na baiskeli yake.

"Mumechelewa," akaniambia. "Nimetoka kwa mugonjwa, nimeweka kikapu chini, huyu afande akataka kuona samaki, akaona pompi. Akaniuliza hii ya nini. Nikamwambia ni ya baiskeli. Akaniambia basi jaza yangu. Nimejaza yake, wengine wamekuja. Nimejaza Kigwena yote."

Pompi ile ilikuwa na midomo miwili, wa gari na wa baiskeli, ndiyo maana. Miguuni pake kulikuwa na ndizi, mihogo na kuku mmoja aliyefungwa, shukrani za wateja.

Kamio ikatokea nyuma yangu ikilalia matairi yake. Mama wa ndagala akaitazama, akatazama vijana wa baiskeli, akaweka mikono kiunoni. "Haya, wanangu. Nani alisema murakoze, asante, kwa mdomo tu?"

Walipokezana. Mmoja akichoka mwingine anaingia, na walianza kushindana nani atakanyaga mara nyingi bila kupumzika, wengine wanahesabu kwa sauti na kudanganya. Yule askari naye alivua buti akaingia. Kisha nilimwona shemeji anakunja suruali yake nzuri. Alikanyaga mpaka miwani ikamteleza puani.

"Macho yamepata miguu," shoferi akasema.

"Wewe nyamaza, utazame saa yako."

Tuliingia bariyeri wakati askari wa zamu amekwisha shika mti wa kufungia njia. Alitutazama, watu wa tope na gari jekundu kwa chikichi mpaka juu, akatikisa kichwa, akaushusha nyuma yetu.

Jioni ile uani, shemeji alikunywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nitawaambia ndugu zangu gari inafika."

"Na kurudi," shangazi akasema.

"Na kurudi. Lakini waambie wengine, mimi sitaki tena kukaa mbele. Nipe kitu cha kubeba." Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Safari iliyofuata, wakati wenzangu wanakata mikungu kule juu, nilichukua jembe nikateremka peke yangu mpaka kwenye lile bonde. Matawi yetu yalikuwa bado yamelala pale, yamesagika. Nilifuata unyevu kwa vidole, nyasi kwa nyasi, mpaka nikakuta maji madogo, membamba kama uzi, yanatoka ubavuni mwa mlima na kuingia njiani. Hakuna aliyekuwa amenituma. Nilichimba mfereji mfupi, wa upana wa jembe tu, kuyaelekeza upande wa matuta ya mihogo. Yalisita kidogo mdomoni mwa mfereji, yakabeba majani mawili, yakapinda. Nikakanyagia udongo kwa kisigino upande wa njia, nikaupigapiga na mgongo wa jembe mpaka ukashika.