Maganda Mekundu ya Jeannine

Wiki ya majaribio ilikuwa ukingoni, na Jeannine alikuwa ameapa kwamba kazi hii haimponyoki. Alikuwa amesuka nywele za watu kule Joubert Park mpaka vidole vikafa ganzi. Hapa, kwenye uwanja wa shabaha kusini mwa Johannesburg, alitakiwa kuosha tu. Maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa yalitiwa kwenye pipa la maji, sabuni na vijiti vidogo vya chuma, kisha mota ikalizungusha hadi masizi yatoke. Yakishakauka, shemeji yake Gaston, aliyemwombea kazi, aliyajaza baruti upya.

Gaston alikuwa amemwonyesha unga wa ndimu: chembe chache, na pipa lisizunguke sana. Lakini Jeannine ni mtoto wa Likasi, mji wa shaba kule Kongo. Kwa mama yake, chombo kilisuguliwa kwa ndimu mpaka kikawa chekundu, na aliyeachia njiani aliambiwa ana mikono ya kuazima. Basi akatia kikombe kizima, akaliacha pipa lizunguke tangu asubuhi hadi jua lilipopinda.

Alipolifungua, maganda yote yalikuwa na wekundu wa waridi.

"Shemeji, kuja uone kazi ya watu wa Likasi!"

Gaston alishika moja, akaguna. "Weye umeyaosha ama umeyapika? Hii si shaba tupu kama ya kwenu, imechanganywa na zinki. Ndimu ikizidi inakula zinki, ganda linabaki dhaifu. Ukilitia baruti linaweza kupasuka."

"Mkononi mwa mtu?"

"Mkononi, usoni." Akautazama mlango wa ofisi, akashusha sauti. "Tuyarudishe kwa sabuni peke yake. Wekundu utatoka. Meneja hatajua, na kazi yako inabaki."

Nyuma ya ukuta milio ya bunduki ilifuatana, na kati ya mlio na mlio mtu alicheka.

"Wekundu utatoka," Jeannine alisema. "Na udhaifu?"

Jeannine alichukua nyundo, akalaza ganda la kwanza juu ya chuma, akaliponda likawa bapa. Akachukua la pili.

"Utajifukuzisha, mama!"

"Afadhali nifukuzwe na Meneja Tumu kuliko kufuatwa usingizini na jicho la mtu niliyempofusha."

Meneja Tumu alitoka mbio kwa kelele zile. "Eish! Nani amekutuma uvunje mali ya watu?"

"Hakuna. Nimeyaharibu mimi, kwa ndimu. Nayaponda yasije yakampasukia mtu." Nyundo haikusimama. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikimaliza."

Tumu aliokota ganda moja jekundu, akaligeuza kwenye mwanga. "Gaston, ulijua?"

Gaston akaangalia viatu vyake.

Tumu aliingia stoo, akarudi na nyundo nyingine, akampa Gaston.

"Msaidie. Kesho atahitaji pipa tupu, aoshe mengine."