Kabro Zangu na Mtamba wa Marehemu Dada

Hapa Roret, katika Bureti, nyumba yenye kabro, yaani mawe ya zege ya kutandika chini, uani kote, kutoka geti hadi choo, ilikuwa moja tu, yangu. Kabro hizo nilizinunua kwa jasho la miaka minane Doha, ambako diploma yangu ya hoteli ilinitoa kwenye kutandika vitanda ikanifanya msimamizi wa watandikaji. Sijisifu, ni ukweli tu.

Nikiwa huko, dada yangu alifariki akaacha binti. Baba wa mtoto hakuwahi kujitokeza. Niliporudi nilikuta bunge limebadilisha sheria ya watoto. Niliisoma yote mwenyewe, wakili wangu akashangaa, kisha nikaomba kumuasili binti huyo.

Siku afisa wa watoto alipokuja kukagua nyumba, niliosha kabro kwa sabuni. Mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimlea, alimleta msichana. Alikuwa na miaka kumi na moja.

Afisa alimweleza taratibu: korti ikikubali, haki za wazazi wa kwanza zinaisha, mimi ndiye ninakuwa mama. "Lakini kwa umri wako, ni lazima wewe mwenyewe ukubali. Una swali?"

"Na mtamba wangu? Yeye pia anaisha?"

Msichana aliachiwa mtamba huyo na marehemu mama yake, wakati huo ng'ombe akiwa ndama tu.

"Sheria haimgusi ng'ombe," afisa alisema akicheka.

"Sasa hapa atalala wapi? Hakuna hata nyasi."

Nikamwambia mnyama atabaki kwa kogo, yaani nyanya yake. Msichana akasogea kwa mama yangu. "Basi na mimi nitabaki. Mama aliniambia nisimwache."

"Wewe ulijenga hoteli," mama akaniambia. "Sasa tafuta wageni."

Afisa alifunga faili, akasema atarudi baada ya wiki mbili.

Kesho yake asubuhi nilishika mtaimbo nikaanza kung'oa kabro. Fundi aliyenitandikia kabro alipita, akasimama getini. "Madam, umerukwa na akili?"

"Leta toroli ufunge mdomo!"

Jiwe la kwanza liliniuma moyoni. Kufikia la hamsini nilikuwa naimba. Nilijenga zizi, nikapanda nyasi za napia, na afisa aliporudi alimkuta mtamba akicheua nyuma ya jikoni.

Kortini, jaji alimuuliza msichana kama amekubali.

"Ndiyo. Sisi tulishahamia."

Kabro nilizong'oa sikuzitupa, nilizitandika zizini. Mtamba sasa amezaa. Ng'ombe anayekamuliwa juu ya kabro, nitajie mwingine Bureti nzima. Na binti yangu huziosha kila Jumamosi, kwa sabuni.