Nafasi ya Baba Baudouin

Maman Huguette hakuwa mtu wa kuogopa karatasi. Lakini karatasi ile moja, fomu ya kuandikisha sujet, yaani mada, ya kazi ya mwisho wa masomo, ilimtoa jasho kuliko watoto sitini na wawili aliowafundisha kila asubuhi katika shule ya msingi. Ilikuwa na mistari mitatu tu: jina, promosheni, swali la utafiti. Jina alilijua. Promosheni aliijua pia: mwaka wa tatu wa historia, masomo ya alasiri, yeye na miaka yake thelathini na minane katikati ya vijana waliomwita Maman Promosheni na kumwachia benchi la mbele. Kilichobaki ni swali. Na swali, jamani, lilimkataa.

Msidhani ni uvivu. Mwaka 2003 mama huyu alikuwa tayari mwaka wa tatu, sujet imekwisha kukubaliwa, ndipo Bunia ikawaka vita. Sisi tulioishi hapa hatuhitaji kusimuliwa. Alikimbia na mtoto mgongoni, akarudi baada ya miezi na nguo aliyovaa, na dosye yake, karatasi zote za masomo, haikuonekana tena. Alifundisha miaka kumi mizima kabla ya kuthubutu kuanza upya, mwaka wa kwanza, kama mtu asiyewahi kukanyaga enstiti, yaani chuo. Tena mwaka jana malaria ikamwangusha wakati wa mitihani, akarudilia mwaka. Sheria ya chuo haina huruma: kurudilia mara moja, sawa, mara ya pili unafutwa. Sujet isipotiwa sahihi kabla ya Jumatatu saa sita ya mchana, jina lako haliingii kwenye liste ya wanaomaliza. Yaani kwa Huguette Jumatatu hiyo ilikuwa mlango wa mwisho.

"Safari hii sitoke bila diplome," aliwaambia walimu wenzake. Aliwaambia tena kesho yake. Walimu walichoka kusikia, yeye hakuchoka kusema.

Mkurugenzi wa kazi yake, yaani mwalimu wa chuo aliyesimamia utafiti wake, alikuwa Chef Lambert, mwanaume mwembamba mwenye miwani, mdogo kwake kwa miaka mitano, mwenye heshima nyingi na huruma kidogo. Mara ya kwanza Huguette alimletea maneno makubwa: mabadiliko ya muziki katika Bunia, kuanzia uhuru mpaka leo. Chef alisoma, akavua miwani.

"Maman, hii haiko swali. Hii iko soko muzima. Weye unaingia soko, unataka kununua nini?"

"Muziki, Chef."

"Muziki gani? Ya kanisa? Ya bar? Ya harusi? Ya mutu gani? Kuenda kutafuta kitu kimoja."

Akaenda. Alirudi baada ya wiki, safari hii amejifunga kibwebwe: kwa nini vijana wameacha muziki wa wazee? Chef Lambert alicheka, tena kicheko cha kuudhi.

"Hapa umeshajibu mbele ya kuuliza. Nani amekuambia wameacha? Uliwauliza? Weye mwalimu, mwanafunzi akikuletea jibu mbele ya swali, unamupa ngapi?"

"Zéro," alisema Huguette, na roho ikamuuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Alitoka pale amekasirika kwelikweli. Hasira za Huguette hazikuwa za kupiga kelele. Zilikuwa za kutembea. Alipita motadi wote, wale wa pikipiki za abiria, waliomwita, akatembea kwa miguu mpaka mtaa wa Mbunya, na njiani ndipo lilipomjia jina la Muzee Louis.

Muzee Louis alikuwa kiongozi wa kikundi cha agwara, zile baragumu ndefu za mti na kibuyu ambazo Waalur walikuja nazo kutoka upande wa Mahagi. Kila baragumu ina sauti yake moja, na kila mtu ana baragumu yake moja. Mmoja akipuliza hapa, mwenzake anajibu pale, na wimbo unapita katikati yao. Baba yake Huguette, Baudouin, alikuwa mpigaji wa kikundi hichohicho maisha yake yote. Huguette alipokuwa msichana wa sekondari aliona haya juu yake. Wenzake wana wazazi wenye redio na kaseti, yeye baba anapuliza mti kila Jumapili nyuma ya parokia! Alikuwa anapitia upande wa pili wa kanisa asionekane. Halafu vita ikaja, baba akabaki nyuma kufunga nyumba, akasema atawafuata. Hakufika. Hakuna aliyemzika, hakuna aliyemwona. Tangu siku hiyo Huguette hakuwahi tena kwenda kusikiliza agwara. Alisema hana wakati.

Sasa alikwenda na telefone. Muzee Louis alimpokea vizuri, akamwita mwanangu, akamletea kiti. Lakini alipoombwa apulize peke yake ili amrekodi, alishangaa.

"Peke yangu? Wenzangu wako wapi?"

"Ni kwa masomo, Papa. Unipigie tu sehemu yako."

"Haya. Sehemu yangu ni ndogo, usinicheke."

Akapuliza. Puu. Akangoja, kichwa kinatikisika, mguu unagonga chini. Puu-puu. Akangoja tena, muda mrefu. Hivyo hivyo kwa dakika kumi na moja. Huguette alishika telefone mkono ukamfa ganzi, na moyoni alikuwa anahesabu: Chef Lambert hana uvumilivu wa dakika kumi na moja za mzee anayetikisa kichwa.

Basi akafanya alichofanya. Alipitia kwa Davy, jirani yake anayerekodi kwaya kwenye ordinateri, yaani kompyuta, akamwomba asafishe ile sauti. "Tosha mahali pote penye hakuna kitu," alimwambia, maana yake atoe kila kimya. Davy fundi kweli. Akakata, akaunga, akatoa sekunde arobaini safi, bila pengo hata moja. Huguette alimshukuru mpaka Davy akaona haya.

Ijumaa akamsikilizisha Chef Lambert. Puu-puu-puu-puu-puu, bila pumzi. Chef aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini mabega yalikuwa yanamtetemeka.

"Maman, hii iko honi ya lori yenye kukwama ku bariere."

Wanafunzi wawili waliokuwa wanangoja mlangoni wakacheka. Chef aliwatazama wakanyamaza, halafu akasema polepole, bila mzaha: "Lundi, saa sita. Nikiwa na swali, ninatia sahihi. Nikikosa swali, hata weye dada yangu, sitie."

Ole wake Muzee Louis siku ile! Huguette alifika kwake hajakunywa hata maji, akaweka telefone mezani, akaibonyeza. "Papa, ona mambo ulinipa. Wamenicheka. Hii njo muziki ya wazee wetu?"

Muzee alisikiliza sekunde zote arobaini. Hakukasirika. Alitafuta chini, akatafuta nyuma ya telefone, kama mtu aliyepoteza kitu.

"Wenzangu umewapeleka wapi?"

"Wenzako gani? Ulikuwa peke yako."

"Mutoto wa Baudouin, unisikilize. Pale mimi ninanyamaza, sinyamaze bure. Ninapisha. Pale kuna mutu. Umetosha watu wote, umebakisha mimi ninapiga kelele sawa kichaa."

Huguette alihisi uso unamwaka moto. Mwalimu mzima, miaka kumi na mitatu anawaambia watoto wasikilize! Lakini ile rekodi ya kwanza, ndefu, alikuwa bado nayo. Akaitafuta, akaiweka tangu mwanzo. Na Muzee Louis akaanza kuijaza kwa kinywa chake. Baragumu yake ikinyamaza, anataja mtu. Puu. "Hapa fundi wa mbao." Puu-puu. "Hapa katekista. Hapa ndugu yangu, lakini alikufa, sasa mutoto wake anashika." Puu. "Hapa hatuko na mutu, mimi na katekista tunagawana." Watu waliingia kila mmoja mahali pake, na Huguette, kalamu mkononi, akasahau kwamba alikuja kugomba.

Kisha likapita pengo ambalo mzee hakulitajia mtu. Likarudi tena baadaye, lilelile, na bado hakusema kitu. Mara ya tatu Huguette akasimamisha telefone.

"Na hapa ni nani?"

Muzee aliangalia mikono yake.

"Kuja dimanche," alisema.

Jumapili baada ya misa alikwenda. Hakupitia upande wa pili. Alipita mbele ya kanisa, katikati ya watu. Nyuma ya parokia wanaume walikuwa wamejipanga nusu duara. Kabla ya vita walikuwa ishirini na wawili, siku ile aliwahesabu kumi na saba. Wazee, vijana wawili wenye jezi za mpira walioshika baragumu za baba zao, motadi mmoja aliyeacha pikipiki yake pembeni na kofia juu ya usukani. Na baina ya katekista na fundi wa mbao kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Chini, juu ya gunia safi, ililala baragumu ndefu isiyokuwa na mwenyewe. Huguette alidhani ni ya akiba.

Muzee Louis akamketisha karibu na mguu wake. "Nikikugusa bega, sikiliza," alisema. Wakaanza. Mungu wangu! Sauti ilitoka ardhini, ikampanda kwenye magoti. Wimbo ulikuwa unakimbia kutoka kinywa mpaka kinywa, wanawake wakaanza kupiga vigelegele na kucheza, na Huguette aliyesema hana wakati akajikuta anatikisa kichwa.

Mzee akamgusa bega. Kimya. Kidogo tu, kipande cha pumzi, halafu wimbo ukaendelea. Ukazunguka, ukarudi. Akamgusa tena, palepale. Kimya. Mara ya tatu Huguette hakuhitaji kuguswa. Alijua inakuja, akafumba macho, ikaja.

Alimsikia baba yake maisha yake yote ya utoto na hakuwahi kumsikia peke yake, maana Baudouin alikuwa daima ndani ya wenzake. Sasa alimjua. Alijua anaingia wapi, anakaa muda gani, anamwachia nani. Machozi yalimtoka mbele ya watu wote, na hakuyapangusa.

Walipomaliza, katekista ndiye aliyesema. Nafasi nyingine zote walizifanyia mipango: nyingine zilirithiwa na watoto wa wenyewe, nyingine waligawana. Hii walishindwa. Mtu aliyezikwa, jamaa yake anakuja, baragumu inakabidhiwa, mambo yanakwisha. Baudouin hakuzikwa, na nyumbani kwake hakuna aliyekuja. Wengine wanasema nafasi yake ijazwe mtu, muziki umekaa na kidonda miaka yote. Wengine wanasema hapana, kumjaza ni kusema amekufa, na wao hawajaona maiti. Walikuwa wameshagombana juu yake mara mbili.

"Basi weye umekuja," alisema Muzee Louis. "Weye njo mutoto. Utuambie. Tumujaze ao tumuache?"

Wanaume kumi na saba wakamtazama. Huguette alifungua kinywa. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi, la haraka, la kutoka kwenye kidonda. Akalimeza.

"Munipe wakati, ba Papa," alisema. "Nitapita kwa kila mumoja wenu, nyumba kwa nyumba. Nisikie kwanza."

Jumatatu saa tano na nusu alikuwa mlangoni kwa Chef Lambert, fomu imejazwa kwa mwandiko wake wa ubaoni, mviringo na safi. Chef aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena. Iliandikwa kwa Kifaransa, lakini kwa lugha yetu ilisema hivi: Tangu 2003, kikundi cha agwara cha Mbunya kimefanya nini na nafasi za wapigaji wasiokuwapo, na ni nani aliyekata shauri kwa kila nafasi?

"Kuna ngapi, hizi nafasi?"

"Saba, Chef. Sita zilipata mupango. Moja iko wazi."

"Juu ya nini?"

"Ni ya baba yangu."

Nje pikipiki zilipita, kengele ya saa sita ilikuwa bado. Chef Lambert alisema kwamba jury, wale watakaohukumu kazi, watamsumbua, watasema yuko ndani ya kazi yake mwenyewe, hawezi kuona vizuri. Alisema bado kuna wakati wa kubadili kikundi.

"Sibadili," alisema Huguette. "Kama sijauliza mimi, atauliza nani? Wamengoja miaka kumi na mitatu. Jury wanisumbue, nitakuwa pale."

Chef akachukua kalamu. Alitia sahihi, akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke. Halafu, fomu ikiwa bado mkononi mwake, akamwuliza kwa sauti ndogo, si sauti ya mkurugenzi: "Na weye, Maman? Unafikiri wamujaze ao wamuache?"

Huguette aliivuta fomu polepole kutoka kwenye vidole vyake.

"Chef, unataka unipe zéro? Bado sijauliza."

Akaipeleka sekretarieti, jina lake likaingia kwenye liste, namba kumi na tisa. Akatoka nje, akaita motadi wa kwanza aliyemwona. Siku ile hakuwa na hasira ya kutembea nayo. Ndani ya mkoba alikuwa na daftari jipya, na ukurasa wa kwanza aliugawa mistari kumi na minane: kumi na saba ya wapigaji, kila mmoja na jina lake. Wa kumi na nane, wa chini kabisa, aliandika Huguette, binti Baudouin, akaacha nafasi ya jibu.