Fatiha ya Despachante

Mji mzima wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ulimwita Buanali "despachante", na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama yake. Despachante ni mtu wa kuwatolea wenzake mizigo forodhani, kwa leseni ya serikali. Buanali leseni hakuwa nayo. Alikuwa na shati jeupe, kalamu nne mfukoni, pikipiki na mdomo. Zamani alikuwa kijijini Nhica do Rovuma, akiwavusha wafanyabiashara na magunia yao mto Ruvuma. Gesi ilipoleta wageni Palma, akahamia mjini, akajipandisha cheo mwenyewe.

Wahida, mjane wa kaka yake, alikuwa akimtazama tu. Lakini binti yake Zuleica alipomaliza darasa la kumi na mbili na kusema anaitaka kazi ya forodha, Buanali alifika siku hiyohiyo, akakaa mkekani kama mposaji.

"Shemeji, nipe huyu mtoto. Anibebee mkoba miaka miwili mitatu, anioshee pikipiki, anipikie chai. Akiiva, namsomea fatiha, nampa ijaza. Tayari, despachante!"

"Ijaza si anayopewa mwanafunzi wa dini na maalimu wake?"

"Elimu zote ni moja, shemeji."

"Na wewe ya kwako alikupa nani?"

"Marehemu babu."

"Babu yule mchokoa pweza?"

"Alikuwa na baraka yule!"

Zuleica aliingia ndani haraka, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Wahida hakucheka. Buanali alikwisha kuwaalika ndugu waje Ijumaa kusoma fatiha ya kumkabidhi mwanafunzi. Ikishasomwa, binti ni wa mwalimu wake, na mama atakayemtoa atasemwa na ukoo mzima. Zuleica angezeeka na mkoba wa baba yake mdogo begani.

Alhamisi Wahida alikuwa na robota lake la kanga lililozuiwa forodhani. Akamwomba shemeji amsindikize, na Zuleica akafuata. Walipofika getini, Buanali akapunguza mwendo.

"Ingieni tu. Humo ndani kuna feni, na feni hunitia mafua."

"Kwa joto hili!" Wahida alinong'ona. "Mtu anakimbia feni!"

Ofisa wa ndani, mwanamke aitwaye Belmira, aliuliza despachante wao ni nani. Wahida akamwonyesha Buanali kwa kidole kupitia dirishani.

"Yule?" Belmira alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Senhor yule hajawahi kuvuka geti hili. Anachukua mizigo ya watu, anawapelekea wenye leseni, kisha anarudi kutamba."

"Na leseni mtu huipataje?" aliuliza Zuleica.

"Unafanya kazi chini ya mwenye leseni, unasoma sheria za ushuru, unafanya mtihani wa serikali. Ukifaulu, unaiomba. Yupo dona Lénia, mwenye leseni, kule Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, anatafuta msaidizi. Lakini anamtaka wiki ijayo, asipompata atachukua mwingine."

Ijumaa ndugu walijaa uani. Buanali alikuja na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama kama ubao. Kabla hajakohoa, Wahida alisema:

"Ndugu zangu, shemeji amenifaa sana. Jana alinifikisha mpaka getini. Sasa namwomba atusomee fatiha ya safari. Zuleica anakwenda Pemba, kufundishwa kazi na mwenye leseni."

Buanali alitazama huku na huku, akitafuta wa kumtetea.

"Haya, despachante," alisema shangazi Ancha kutoka jikoni, "inua mikono, wali unapoa!"

Akainua. Aliisoma mbio, kama mtu anayekimbizwa na mvua. Wahida aliitikia amina kuwashinda wote, ingawa aliiogopa ile barabara ya Pemba, ambako waasi huwavamia wasafiri na wengine wasirudi. Kisha akampakulia shemeji yake sahani ya kwanza, kwa heshima zote: wali mwingi, na shingo ya kuku.